Elektrodi Rejea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapimaji wa Maji, Walimu na Wanafunzi wa Kanda ya Ziwa

Majibu haya yanahusu elektrodi rejea, yaani elektrodi ambayo potenshali yake (nguvu yake ya umeme, inayohesabiwa kwa volti) haibadiliki, ili nyingine zipimwe dhidi yake, nayo yameandikwa kwa ajili ya mafundi wa maabara, wapimaji wa ubora wa maji, walimu wa kemia wa kidato cha tano na cha sita, na wanafunzi wa vyuo walioko Mwanza na kwingineko kando ya Ziwa Victoria. Miongozo inayofungashwa pamoja na vifaa vya kupimia huandikwa kwa kumfikiria mtu anayepima maji ya bahari, au myeyusho wa maabara wenye chumvi ya kutosha, ilhali maji ya ziwa letu yana chumvi kidogo mno. Kwa sababu hiyo, baadhi ya mambo ambayo mwongozo huyamaliza kwa mstari mmoja yameelezwa hapa kwa kirefu, na mengine ambayo mwongozo huyarefusha yamepitiwa kwa haraka.

Kwa nini siwezi kupima potenshali ya elektrodi moja peke yake?

Kwa sababu voltimita ina nyaya mbili, na zote mbili lazima ziguse kitu. Ukiunganisha waya wa kwanza na kipande cha chuma kilichozama ndani ya maji, waya wa pili nao utalazimika kuingia majini kwa kupitia metali fulani, na pale metali hiyo inapokutana na maji patazaliwa tofauti nyingine ya umeme ambayo hukuikusudia. Namba inayosomeka ni tofauti kati ya sehemu hizo mbili, na hakuna ujanja wa kuitenganisha ili kila upande ujulikane kivyake. Ni sawa na kupima kimo cha kilima cha Capri Point, hapa Mwanza, kuanzia usawa wa maji ya ziwa: mwaka 2020 ziwa lilipojaa kuliko kawaida, mpimaji wa namna hiyo angeona kilima kimefupika, ingawa hakuna jiwe lililosogea. Anayetaka kujua habari za kilima sharti kwanza awe na alama isiyopanda wala kushuka, na elektrodi rejea ndiyo alama hiyo.

Ni kitu gani kinachoifanya potenshali ya elektrodi rejea isibadilike?

Tuchukue elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, yaani Ag/AgCl, kwa kuwa ndiyo inayopatikana ndani ya vifaa vingi vya kupima pH (kiwango cha uasidi) vinavyouzwa leo. Ndani yake kuna waya wa madini ya fedha uliofunikwa kwa tabaka la kloridi ya fedha, nao umezama katika myeyusho wa kloridi ya potasiamu (KCl). Mmenyuko wake ni huu: AgCl + e⁻ ⇌ Ag + Cl⁻. Fedha ni yabisi, na kloridi ya fedha nayo ni yabisi, kwa hiyo ziwe nyingi au chache hazibadilishi potenshali, mradi zote mbili zipo. Kinachobaki na uwezo wa kuisogeza ni ioni za kloridi peke yake. Kanuni ya mwanakemia Mjerumani Walther Nernst, ambayo imekuwa ikitumika tangu mwaka 1889, inaeleza kwamba katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, kila ukolezi wa kloridi unapoongezeka mara kumi, potenshali ya elektrodi hii hushuka kwa milivolti 59 hivi, na ukolezi unapopungua mara kumi, hupanda kwa kiasi hicho hicho.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Funga ndani ya gilasi kloridi yenye ukolezi unaojulikana, izuie isipotee, na utakuwa na potenshali thabiti. Sharti la pili ni kwamba mmenyuko uende kwa wepesi katika pande zote mbili, ili mkondo mdogo unaochukuliwa na kipimo usiweze kuusukuma nje ya mizani yake. Waya wa platinamu mtupu hauna sifa hii: ukiutumbukiza majini utakupa namba, lakini namba hiyo itayumba kwa kufuata chochote kilichomo ndani ya maji.

Kwa nini haidrojeni ndiyo iliyopewa sifuri, na mbona hatuioni katika maabara zetu?

Ni makubaliano tu. Wanakemia wamekubaliana kwamba elektrodi ya haidrojeni sanifu, yaani platinamu iliyopakwa unga mweusi wa platinamu, ndani ya asidi ambamo utendaji wa ioni za haidrojeni (yaani ukolezi wake unaohesabika katika mmenyuko) ni 1, huku gesi ya haidrojeni ikipita juu yake kwa shinikizo la bari 1, ihesabiwe kuwa volti 0 katika kila nyuzijoto. Potenshali nyingine zote zilizomo katika majedwali ya vitabu vya shule zimepimwa au kukokotolewa kutoka hapo.

Kuitumia kila siku ni kujitesa. Inahitaji mtungi wa gesi inayolipuka, platinamu huchafuka kwa urahisi, na mtu aliyeko Mwanza ana kazi moja ya ziada. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni karibu kilopaskali 88. Ukitoa sehemu ya mvuke wa maji, haidrojeni inayopita kwenye platinamu hubaki na bari 0.85 hivi, na ukikokotoa kwa kanuni ya Nernst utaona kwamba sifuri yako imesogea kwa milivolti 2. Kosa hilo ni dogo na linasahihishika, lakini linaonyesha kwa nini watu huamua kununua Ag/AgCl na kuendelea na kazi.

Ninunue aina gani?

Kwa kazi nyingi za maji, nunua Ag/AgCl. Katika nyuzijoto 25, yenye kloridi ya potasiamu ya mola 3 kwa lita iko kwenye volti +0.210 dhidi ya haidrojeni, na yenye myeyusho ulioshiba iko kwenye +0.197. Elektrodi ya kalomeli iliyoshiba, yenye zebaki na kloridi ya zebaki, iko kwenye +0.241. Kalomeli ilitegemewa kwa muda mrefu na bado ni thabiti sana katika joto la kawaida, ila huanza kuharibika ikizidi nyuzijoto 50 hivi, na ina zebaki ndani. Katika ukanda ambao wachimbaji wadogo wa dhahabu bado wanatumia zebaki, sumu ambayo dunia imeifungia mkataba wa Minamata ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, sioni sababu ya maabara ya maji kuongeza chanzo kingine cha sumu hiyo mezani. Ikiwa shule yako inayo ya zamani, itunzwe isivunjike, na ikivunjika ishughulikiwe kama zebaki nyingine yoyote: ikusanywe, ifungwe ndani ya chombo kisichovuja na kukabidhiwa wanaoshughulikia taka hatarishi, wala isimwagwe kwenye sinki.

Ya tatu ni elektrodi ya shaba ndani ya salfeti ya shaba iliyoshiba, yenye volti +0.316. Hii ni ya kazi za nje: mabomba yaliyofukiwa, matanki na nondo ndani ya zege. Ni ngumu na ni rahisi, na haina usahihi mkubwa, lakini kazi zake hazidai usahihi mkubwa.

Kwa nini ndani huwekwa kloridi ya potasiamu, wakati chumvi ya mezani nayo ina kloridi?

Chumvi ya mezani ingetosha kabisa kwa upande wa fedha. Tatizo lipo kwenye kizibo chenye vitundu, mahali ambapo myeyusho wa ndani hukutana na maji ya nje. Ioni chanya na ioni hasi hutoka pamoja kupitia hapo, na kundi moja likikimbia kuliko jingine, chaji hutengana na kuzaa volteji ya ziada inayoitwa potenshali ya makutano. Potasiamu na kloridi hukimbia kwa kasi inayokaribiana sana, kwa hiyo volteji hiyo hubaki ndogo. Sodiamu ni nzito wa mwendo ukilinganisha na kloridi, nayo ingeongeza kosa ambalo hakuna aliyeliomba.

Nina kihisio cha Ag/AgCl kilicho wazi, ambacho wenzetu wa pwani hukitumia kwenye meli. Kwa nini kinatoa namba za ajabu ziwani?

Hili ndilo swali lenye manufaa kuliko yote kwa mtu wa huku, na jibu lake linatoka moja kwa moja kwenye mmenyuko uliotajwa hapo juu. Kihisio cha meli za baharini hakina gilasi wala kloridi ya potasiamu. Fedha yake iliyopakwa kloridi huguswa na maji ya bahari yenyewe, na kwa kuwa bahari ina kloridi nyingi inayokaribia kutobadilika, takriban mola 0.55 kwa lita, bahari ndiyo inayofanya kazi ya myeyusho wa ndani. Potenshali hutulia kwenye volti +0.25 hivi, na kila mtu huridhika.

Maji ya Ziwa Victoria yana miligramu chache tu za kloridi katika lita moja, yaani karibu mola 0.0001. Fedha ile ile ikizamishwa hapa, potenshali yake hupanda hadi karibu +0.46. Mtu anayesoma kwa kudhani bado yuko kwenye +0.25 atakuwa amekosea kwa milivolti 200 na ushei, na kosa la ukubwa huo linatosha kumfanya aseme kwamba bamba la meli linalindwa dhidi ya kutu ilhali linaliwa, au kinyume chake. Jambo baya zaidi ni kwamba kosa hilo halikai mahali pamoja. Kloridi ikipanda kutoka miligramu 4 hadi 6 kwa lita, potenshali husogea kwa milivolti 10, na mabadiliko ya namna hiyo hayashangazi karibu na mlango wa mto unaopita katikati ya mji, kama Mirongo, kwa sababu majitaka hubeba chumvi nyingi kuliko maji ya ziwa lililo wazi.

Kwa hiyo ziwani tumia elektrodi iliyofungwa, yenye kloridi yake yenyewe, au tumia ile ya shaba na salfeti ya shaba. Kihisio kilicho wazi kirudishwe pwani.

Mbona pH ya maji ya ziwa hucheza na haitulii, wakati kwenye myeyusho wa kusawazishia ilitulia mara moja?

Watu wengi huilaumu gilasi ya pH. Mara nyingi gilasi haina hatia, na mwenye kosa ni upande wa rejea, hasa kile kizibo. Elektrodi ya pH iliyounganishwa ni elektrodi mbili ndani ya mwili mmoja: gilasi inayohisi haidrojeni, na Ag/AgCl inayosimama kama rejea. Unapoisawazisha kwa bafa (myeyusho wa kusawazishia) ya pH 4 na 7, kizibo hukutana na kimiminika chenye chumvi ya kutosha. Unapoihamishia kwenye maji ya ziwa, yenye mpitisho wa umeme wa takriban maikrosimensi 100 kwa sentimita, kizibo hukutana na maji ambayo karibu hayana ioni. Potenshali ya makutano hubadilika, na haibadiliki kwa kiasi kile kile kila mara. Ukikoroga, hubadilika tena. Kumbuka kwamba milivolti 6 zinatosha kukupotosha kwa pH 0.1, na kosa la milivolti 10 au 20 kwenye maji hafifu si jambo la ajabu.

Upo pia mchakato unaokwenda polepole zaidi. Kloridi ya fedha haiyeyuki kirahisi katika maji ya kawaida, lakini katika kloridi ya potasiamu iliyokolea huyeyuka kiasi, kwa kuwa fedha hujishikiza kwa kloridi mbili na kuwa ioni AgCl₂⁻. Myeyusho huo ukitiririka kupitia kizibo na kukutana na maji ya ziwa, kloridi hupungua ghafla, ioni hizo huvunjika, na kloridi ya fedha hurudi kuwa yabisi ndani ya vile vitundu. Siku baada ya siku kizibo huziba, kikawa cheusi au cha kahawia, na elektrodi ikawa nzito wa kujibu. Mwani wa kijani unaoelea wakati wa joto nao husaidia kuziba.

Hatua zinazosaidia ni hizi. Chagua elektrodi inayojazwa upya, yenye kizibo kinachopitisha myeyusho kwa wepesi, kuliko ile iliyojazwa jeli. Fungua tundu la kujazia wakati wa kupima, na uhakikishe usawa wa myeyusho wa ndani uko juu ya usawa wa sampuli, ili mtiririko uwe wa kutoka ndani kwenda nje. Suuza kwa sampuli yenyewe kabla ya kupima. Koroga kidogo, kisha acha maji yatulie, na usubiri dakika kadhaa badala ya kunyakua namba ya kwanza inayokupendeza. Baadhi ya maabara huongeza kiasi kidogo cha kloridi ya potasiamu safi kwenye sampuli na kwenye bafa pia, ili pande zote mbili zifanane. Njia hiyo inakubalika, mradi iandikwe kwenye daftari.

Tunapima sampuli kutoka mitambo ya kuchenjulia dhahabu, na elektrodi zinakufa haraka. Kuna nini?

Sianidi. Katika mitambo inayotumia sianidi, kama ilivyo kwa mingi ya ukanda wa Geita, ioni za sianidi huishika fedha kwa nguvu kubwa kuliko kloridi inavyoweza kuishika. Zikipenya kizibo, huyeyusha tabaka la kloridi ya fedha na kuacha waya mtupu, na potenshali huanza kuteleza. Salfidi nayo hufanya madhara ya aina nyingine: hugeuza fedha kuwa salfidi nyeusi ya fedha.

Dawa yake ni elektrodi yenye vyumba viwili. Chumba cha ndani kina Ag/AgCl na kloridi ya potasiamu, na cha nje kina myeyusho mwingine, kwa kawaida nitrati ya potasiamu, ambao hubadilishwa mara kwa mara. Sumu hulazimika kuvuka vizibo viwili, na kabla haijavuka cha pili myeyusho wa nje huwa umeshamwagwa. Vyumba viwili hufaa pia pale ambapo hutaki kloridi au fedha ivuje ndani ya sampuli, kwa mfano unapopima kloridi yenyewe. Tahadhari moja ya usalama: sampuli yenye sianidi isitiwe asidi kwa sababu yoyote ile, kwani itatoa gesi inayoua.

Kwa nini vifaa vya utafiti vina elektrodi tatu badala ya mbili?

Kwa sababu elektrodi rejea haifai kubeba mkondo. Ikilazimishwa kuubeba, kloridi iliyo karibu na waya huongezeka au hupungua, na uthabiti wake hupotea. Kifaa kinachoitwa potenshiostati hugawanya kazi: mkondo hupita kati ya elektrodi ya kazi (ile inayochunguzwa) na elektrodi saidizi (inayokamilisha njia ya mkondo), na rejea husimama kando, ikipima tu. Hubaki kosa moja linalotokana na ukinzani wa maji yaliyo kati ya rejea na elektrodi ya kazi, ambalo ni zao la mkondo na ukinzani. Katika maji ya ziwa, yenye ukinzani mkubwa, kosa hilo hukua upesi. Ndiyo maana ncha ya rejea husogezwa karibu na elektrodi ya kazi kwa mrija mwembamba, au chumvi isiyoshiriki katika mmenyuko huongezwa kwenye sampuli.

Je, multimita ya kawaida ya fundi umeme inatosha?

Inategemea unapima nini. Multimita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Elektrodi mbili za Ag/AgCl zilizo nzima zina ukinzani mdogo mno kulinganisha na huo, kwa hiyo multimita itasoma vizuri. Gilasi ya pH inaweza kuwa na ukinzani wa megaomu 100 au zaidi, na hapo multimita itaonyesha sehemu ndogo tu ya volteji halisi, chini ya asilimia 10. Kwa pH tumia mita iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Elektrodi rejea zinahusianaje na meli, vivuko na madaraja ya ziwani?

Chuma kilicho majini au ardhini hulindwa kisiliwe kwa kukisukuma kuelekea potenshali hasi zaidi, ama kwa kukiunganisha na metali inayojitoa mhanga au kwa umeme wa nje. Kipimo kinachotumika sana kwa mabomba ya chuma ni volti −0.85 dhidi ya shaba na salfeti ya shaba. Bila elektrodi rejea, hakuna njia ya kujua kama ulinzi umefika kiwango hicho au la. Katika maji baridi kama yetu, magnesiamu hupendelewa kuliko zinki, kwa sababu maji yenye ukinzani mkubwa yanahitaji msukumo mkubwa zaidi wa umeme.

Kwa zege, tuseme nguzo za gati au za daraja kama lile la Kigongo–Busisi, mpimaji huunganisha voltimita na nondo upande mmoja, na upande wa pili hutembeza elektrodi ya shaba juu ya uso wa zege lililoloweshwa. Kwa mujibu wa kiwango cha Kimarekani kinachofahamika kama ASTM C876, usomaji ulio chanya kuliko volti −0.20 huashiria kwamba uwezekano wa nondo kutoliwa na kutu unazidi asilimia 90, na ulio hasi kuliko −0.35 huashiria uwezekano kama huo wa kutu kuwapo. Kati ya hapo hakuna hukumu. Ieleweke kwamba zege lililozama muda wote hukosa oksijeni na linaweza kutoa namba hasi sana bila kutu ya maana, kwa hiyo mipaka hiyo isitumike hapo kwa upofu.

Elektrodi ya shaba ikingwe dhidi ya jua kali, kwani mwanga husogeza potenshali yake, na joto nalo huisogeza kwa karibu milivolti 1 kwa kila digrii. Ndani yake lazima uone fuwele za buluu ambazo hazijayeyuka. Zisipoonekana, myeyusho haujashiba na namba ya +0.316 haina mashiko. Salfeti ya shaba huua samaki na mwani, kwa hiyo mabaki yasimwagwe ziwani.

Mita ya oksijeni tunayotumia kwenye vizimba vya sato nayo ina elektrodi rejea?

Ile ya aina ya Clark inayo, ingawa haionekani. Leland Clark aliieleza hadharani mwaka 1956: katodi ya platinamu au dhahabu na anodi ya fedha, zote nyuma ya utando mwembamba unaopitisha oksijeni. Katodi huwekewa takriban volti −0.6 hadi −0.8 dhidi ya fedha hiyo, ambayo ni Ag/AgCl, na mkondo unaotokea hulingana na oksijeni iliyopenya. Fedha hapa hubeba mkondo na papo hapo ikawa rejea, jambo linalovumilika kwa kuwa mkondo ni mdogo sana. Ukiishusha mita hadi kwenye tope la chini lenye harufu ya yai viza, gesi ya salfidi ya haidrojeni hupenya utando na kuitia fedha weusi. Mita zinazopima oksijeni kwa mwanga hazina tatizo hilo.

Unaposawazisha hewani, mita iambiwe shinikizo la Mwanza, si la pwani. Maji yaliyoshiba oksijeni katika nyuzijoto 25 yana miligramu 8.3 hivi kwa lita usawa wa bahari, na karibu 7.2 hapa.

Naweza kutengeneza ya kwangu kwa ajili ya kufundishia?

Unaweza, na inafaa sana kwa shule. Unahitaji waya wa fedha safi. Fedha ya mapambo anayoiuza sonara mara nyingi huchanganywa na shaba, na mchanganyiko huo huleta potenshali isiyoeleweka, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Sugua waya kwa msasa laini, uoshe, kisha uzamishe kwenye jiki kwa takriban nusu saa mpaka ugeuke rangi ya kahawia yenye uzambarau. Njia nzuri zaidi ni kuupitishia umeme ukiwa upande chanya, ndani ya asidi hafifu ya haidrokloriki, kwa mkondo wa takriban miliampea 1 kwa kila sentimita ya mraba.

Jaza mrija kwa kloridi ya potasiamu ya mola 3, yaani gramu 223.7 katika lita moja ya myeyusho, na uongeze matone machache ya nitrati ya fedha ili myeyusho ushibe kloridi ya fedha na usilile tabaka la waya. Kwa kizibo, kipande cha kauri chenye vinyweleo kinatosha. Tumia maji yaliyokenekwa. Yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri yanafaa kwa zoezi la darasani, mradi uhakikishe si asidi ya betri, maana chupa hufanana.

Nitajuaje kwamba elektrodi imeharibika, na niihifadhi vipi?

Weka moja iliyo nzima ambayo haitumiki kwa kazi nyingine ila kuhakikia. Ziweke zote mbili ndani ya kloridi ya potasiamu ya mola 3 na uunganishe voltimita kati yake. Za aina moja zikiwa na afya, tofauti huwa ndani ya milivolti 5 au chini. Ikizidi 10, badilisha myeyusho wa ndani na usafishe kizibo kwa maji ya vuguvugu. Isiporudi, itumike kufundishia umbo lake tu. Namba inayoyumba unapoigusa waya huashiria kizibo kilichoziba au kiputo cha hewa ndani.

Ihifadhi ncha ikiwa ndani ya kloridi ya potasiamu ya mola 3. Kuiacha ndani ya maji yaliyokenekwa usiku kucha ni kuifyonza chumvi yake.

Matokeo yaandikwe vipi, na nibadilishe vipi kutoka rejea moja kwenda nyingine?

Kuandika “volti −0.620” peke yake hakutoshi. Andika “volti −0.620 dhidi ya Ag/AgCl, KCl mola 3, nyuzijoto 25”. Aliye na kitabu kinachotumia haidrojeni ataongeza 0.210 na kupata −0.410. Anayetumia kalomeli iliyoshiba atatoa 0.241 kutoka hapo na kupata −0.651, na anayetumia shaba na salfeti ya shaba atatoa 0.316 na kupata −0.726. Pitia kwenye haidrojeni kila mara, hata ukiona kuna njia ya mkato, kwa kuwa alama ya kutoa ndiyo inayowapoteza wengi. Na kama mwongozo wa kifaa umesema “Ag/AgCl” bila kutaja ukolezi wa kloridi, muulize muuzaji kabla ya kubadilisha chochote, kwa sababu kati ya mola 3 na myeyusho ulioshiba kuna milivolti 13, na kati ya mola 3 na kihisio kilichoachwa wazi ndani ya maji ya ziwa kuna takriban 250.